Mtungi wa gesi haujaondoa baridi ya Makete

Tangu Mei 2024, Serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, mitungi ya gesi ya kilo 6 imekuwa ikipandishwa hadi vijijini kwa bei ya ruzuku. Lengo la mkakati linafahamika: ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Hata hivyo kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, mkaa na kuni bado vinawaka Nyanda za Juu Kusini hata kwenye nyumba zilizopata mitungi, na lawama zinaanza. Tunaambiwa wananchi hawajaelimika, wameng'ang'ania mazoea, mtungi wameufanya pambo la sebuleni. Wenye huruma zaidi husema hawana fedha ya kujaza. Mimi naona lawama hizo zimekosa shabaha. Kwenye wilaya za baridi jiko la mkaa halipikii tu, ndilo linalopasha nyumba joto, na hakuna aliyewaletea watu wale kitu cha kushika kazi hiyo ya pili. Tusipolikubali hilo, tutapunguza moshi jikoni huku sumu ikiendelea kulala na watoto chumbani.

Aliyezoea joto la Dar es Salaam au Tanga hupata shida kuipa baridi uzito wake. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo kule Makete, wilaya ya mkoa wa Njombe, unapita mita 2,600. Julai, usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na sehemu za juu kabisa umande huganda ukawa mweupe juu ya majani ya viazi. Nyumba nyingi ni za tofali na bati, mara nyingi bila dari, na bati halina uwezo wa kushika joto. Jua likizama, kila kilichopatikana mchana kinapotelea juu. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi na afya, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini cha joto ndani ya nyumba wakati wa baridi kwa ajili ya kulinda afya. Chini ya hapo mishipa ya damu hubana, shinikizo hupanda, pumu huamka, na mtoto mchanga hutumia nguvu kujipasha joto badala ya kukua. Kwa hiyo mama anayewasha moto Julai anakinga ugonjwa, na anachagua kati ya madhara mawili akiwa analiona moja tu.

Nilikuwa Makete Julai moja, kwa shangazi yangu. Mtungi wa gesi ulikuwa pembeni ya kabati la vyombo, chai ya asubuhi ilichemshwa kwa gesi hiyo, na alikuwa akiufuta vumbi kila siku kwa jinsi alivyoupenda. Jioni alichemsha maharage kwenye jiko la mkaa, na yalipoiva aliyafukia makaa kwa majivu kidogo, akalishika jiko kwa tambara na kulipeleka chumbani walikolala wajukuu. Kisha akakunja kitenge chakavu na kukisokomeza chini ya mlango. Nilipomuuliza kwa nini asitumie gesi, akanijibu: "Mwanangu, gesi naipenda, chai inachemka kabla sijajifunga khanga vizuri. Ila ukiizima, imezimika." Nililitoa jiko nje, na usiku ule watoto wanne walilala wamebanana kama viazi kwenye debe, mmoja akikohoa hadi alfajiri.

Jibu lile lina uchambuzi kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Sifa kubwa ya gesi ni kwamba moto hukaa chini ya sufuria, na chakula kikiiva unazungusha kitufe, matumizi yameisha. Mkaa ni kinyume chake. Chakula kinaiva saa moja usiku na makaa yanaendelea kutoa joto mpaka saa tano, joto ambalo tayari limelipiwa na maharage. Kwa familia ya kipato kidogo, hilo ni joto la bure. Jaribu kulipata kutoka kwenye gesi uone hesabu inavyokuja. Kilo moja ya gesi ya mitungi ina nishati ya takribani uniti 13 za umeme, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 una kama uniti 78. Hita ya kawaida ya kilowati 2 ikiwashwa kwa muda wa saa nne kila usiku ingeumaliza mtungi huo ndani ya siku kumi, kabla hujachemsha hata chai. Tena gesi inapoungua bila bomba la kutolea hewa nje, kila kilo hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke, na mvuke huo huenda kutua kwenye ukuta wa baridi, ukuta unalowa na ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati. Wanaowasha jiko la gesi ili wajipashe joto wanaikimbia hatari moja na kuikaribisha nyingine, maana gesi nayo ikikosa hewa ya kutosha hutoa sumu ile ile ya mkaa.

Sumu hiyo ni kaboni monoksaidi, na hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa kuliko kote. Watu wetu wanaogopa moshi. Mkaa ukiwa bado unatoa moshi, jiko hukaa nje; ukikolea, ukawa mwekundu na moshi ukakatika, husemwa umeiva na sasa ni salama kuingia ndani. Kumbe kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho, na mkaa unaong'aa taratibu chini ya majivu, ukipata hewa haba, unaitengeneza kwa wingi. Ikivutwa, inashikamana na himoglobini, kile kibeba hewa cha kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka, ila damu inazunguka bila kubeba kitu. Aliyelala hapati hata nafasi ya kuumwa kichwa. Wapo wanaoweka beseni la maji kando ya jiko wakiamini maji yananyonya sumu; gesi hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kumsaidia yeyote. Wapo wanaolala chini wakidhani sumu inapanda juu. Uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, inajichanganya chumba kizima. Mjamzito yuko hatarini maradufu, kwa sababu damu ya mtoto tumboni huing'ang'ania sumu kuliko damu ya mama, na mama anaweza kupona akampoteza mtoto.

Hoja ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa wazee, na ninaiheshimu, ni kwamba mababu walilala na moto ndani miaka yote. Ni kweli. Walilala na moto katikati ya nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa nyasi, ambayo paa lake lilipumua kila upande. Moshi ulipanda polepole, ukakausha mahindi yaliyoning'inizwa juu ya mafiga, ukafukuza wadudu kwenye nyasi, ukatoka. Nyumba yenyewe ilikuwa dohani. Leo mjukuu wa mzee yule amejenga kwa tofali la kuchoma, amepiga plasta, ameweka dari ya jipsamu na madirisha ya vioo na aluminiamu yanayofunga barabara. Ni maendeleo ya kujivunia. Lakini ameingiza moto wa babu ndani ya nyumba isiyo ya babu, na kadiri nyumba inavyokuwa bora, chumba kinazidi kuwa hatari kwa jiko lile lile. Ndiyo maana misiba ya mkaa haiko kwa maskini wa nyumba mbovu peke yao. Inawakuta wapangaji wa mjini, wanafunzi waliopanga chumba kimoja, walinzi kwenye vibanda vyao, watu ambao nyumba ya matundu ingewanusuru. Hata Limuru na Nyandarua, kule Kenya, Julai ina simulizi zile zile.

Na tusidhani mababu hawakulipa. Walilipa kwa macho mekundu, kwa kikohozi kilichoitwa cha uzee, na kwa watoto waliozikwa kwa homa ya mapafu. WHO inakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kwamba mtoto anayeivuta ana hatari ya kupata nimonia karibu mara mbili ya asiyeivuta. Hapa nyumbani Serikali imekuwa ikitaja takribani vifo 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa kupikia. Sina ubishi na mkakati unaotaka kuzipunguza namba hizo. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ninachosema ni kwamba kwenye mikoa ya baridi moshi huo haugawanyiki kati ya wa kupikia na wa kuota. Jikoni ndiko familia inakokaa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Watoto wanafanyia kazi za shule pale, bibi anapukuchua mahindi pale, mtoto mchanga yuko mgongoni mwa mama pale pale karibu na mafiga. Ukiondoa sufuria kwenye moto ukaihamishia kwenye gesi, moto wenyewe unabaki, kwa sababu watu bado wanauhitaji.

Sasa tuzipime hoja za upande wa pili. Iliyo na nguvu ni ya elimu, na haikosi ushahidi: anayejua kwamba mkaa usio na moshi unaua atafikiri mara mbili kabla ya kuziba mlango. Redio za mikoani, viongozi wa dini na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaokoa maisha wanapolisema hilo kila Juni. Elimu ina mpaka wake, lakini. Ukimwambia mama asiingize jiko bila kumwambia watoto watapataje joto, umemwachia uamuzi ule ule pamoja na hofu mpya, na baridi ya saa nane usiku huamua kwa niaba yake. Hoja ya pili ni ya kuacha dirisha wazi. Inasaidia, nami singemkataza aliye na jiko ndani kufungua dirisha, tena sasa hivi. Ila dirisha lililofunguliwa linatoa joto pamoja na sumu, na ndiyo sababu hufungwa kila mtu akishajifunika. Kinga inayodai mtu avumilie baridi ile ile anayoikimbia haitadumu usiku kucha. Usalama ni jiko kutokuwamo chumbani.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile isemayo kwamba baridi ni ya miezi mitatu, tena ya wilaya chache, kwa hiyo si suala la kitaifa. Miezi mitatu ni robo ya mwaka. Mapafu ya mtoto hayana likizo ya robo mwaka, na nimonia haihesabu wastani wa joto wa Tanzania nzima. Hata kwa anayejali misitu peke yake, hoja hii inaanguka: familia inayobaki na jiko la mkaa kwa ajili ya Julai inabaki nalo Januari, kwa sababu jiko lipo, muuza mkaa anajulikana, na gunia lililonunuliwa halitupwi. Baridi ndiyo inayolinda soko la mkaa kwenye maeneo haya. Tukiiacha nje ya hesabu, tunahujumu hata lile lengo la asilimia 80.

Tunayo ya kujifunza kwa waliotangulia. Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, ambako majira ya baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri, ulikuwa ukifunikwa na moshi wa makaa ya mawe yaliyochomwa kwenye mahema na nyumba za pembezoni. Mei 2019 serikali yao ilipiga marufuku makaa ghafi mjini na kuleta vitofali vya makaa yaliyosafishwa. Moshi wa mitaani ulipungua, kila mtu aliuona ukipungua. Lakini baridi ilipoanza, hospitali zilipokea mamia ya watu walioathiriwa na kaboni monoksaidi, na wengine walifariki. Vitofali vipya viliwekwa kwenye majiko ya zamani yenye nyufa na mabomba yaliyoziba, na watu waliendelea kuvitumia kwa mazoea ya makaa ya zamani. Walibadili kinachochomwa bila kugusa jiko, bomba na chumba. Nikiitazama kampeni yetu inavyohesabu mitungi iliyogawiwa, naliona kosa la aina ile ile likijengeka, tofauti ni kwamba sisi tumebadili nusu ya kazi ya moto tukaiacha nusu nyingine bila jina.

New Zealand ilianzia mahali pengine. Profesa Philippa Howden-Chapman wa Chuo Kikuu cha Otago na wenzake waliwawekea watu wa kipato kidogo vizuizi vya kupoteza joto darini na sakafuni, na matokeo yao ya mwaka 2007 yakaonyesha nyumba zenye joto na ukavu zaidi, watu wachache zaidi wanaobanwa kifua kwa pumzi yenye mluzi, na siku chache zaidi za kukosa shule na kazi. Walianza na nyumba, kisha ndipo wakashughulikia hita. Kwetu mpangilio huo una sharti moja lisilovunjwa: moto wa wazi utoke kwanza, ndipo nyumba izibwe. Ukiweka dari nzuri juu ya jiko la mkaa umekamilisha mtego. Moto ukiwa nje, au ukiwa kwenye jiko banifu la kujengwa lenye bomba linalopita juu ya paa, basi dari ya mbao, pazia zito na mlango uliokaa sawa vinakuwa dawa. Mufindi na Njombe ni nchi ya mbao. Ni ajabu kwamba mabaki ya viwanda vya mbao yanachomwa rundo pembeni ya barabara wakati nyumba za jirani hazina dari.

Tena kuna jambo ambalo bajeti ya familia inaweza kulibeba mapema zaidi: kupasha mwili badala ya chumba. Hita ya kilowati 2 kwa saa nne kila usiku hula uniti 240 kwa mwezi, na hilo linamtoa mteja mdogo kwenye bei ya takribani shilingi 100 kwa uniti, inayohusu wasiozidi uniti 75, na kumpeleka kwenye bei inayozidi mara tatu yake. Hakuna mkulima wa viazi atakayeweza. Blanketi la umeme la wati 100, likiwashwa kwa muda wa saa nane kila usiku, hula uniti 24 kwa mwezi mzima. Kwa mteja huyo mdogo hiyo ni kama shilingi 2,400. Mpira wa maji ya moto, ukichemshwa kwenye ile ile gesi ya ruzuku, hupasha kitanda cha watoto wawili kwa saa kadhaa kwa gharama ya dakika chache za moto. Nchi iliyojenga Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 inaweza kuweka ruzuku kwenye blanketi kama ilivyoiweka kwenye mtungi, angalau kwa wilaya ambazo kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa inazitaja kwa baridi kali. Mabweni ya shule yangekuwa mahali pa kuanzia, kwa sababu huko mtoto hana mamlaka juu ya dirisha wala jiko.

Zahanati nazo zinahitaji kuandaliwa. Watu watatu wa nyumba moja wakija asubuhi ya Julai wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu na kichefuchefu, bila homa, swali la kwanza liwe jiko lililala wapi. Kipimo kile cha kubana kidoleni hakitamsaidia mhudumu, maana kinasoma damu iliyojaa kaboni monoksaidi kana kwamba imejaa oksijeni, na kitaonyesha namba nzuri kwa mgonjwa anayezidiwa. Anachohitaji mgonjwa ni oksijeni, haraka na kwa wingi. Kwa hewa ya kawaida damu huchukua saa nne hadi tano kuitoa nusu tu ya sumu. Wasiotambuliwa hurudishwa nyumbani na dawa za malaria au za maumivu, na usiku wanarudi kwenye chumba kile kile.

Halafu kuna suala la namna tutakavyojipima. Mwaka 2034 ukifika, wakusanya takwimu watapita nyumba kwa nyumba mchana na kuuliza: mnapikia nini? Shangazi yangu atajibu gesi, na atakuwa amesema kweli. Ningependa mmoja wao aende Makete mwezi Julai, abishe hodi saa tatu usiku, maharage yakiwa yameshaepuliwa, na aulize jiko liko chumba gani.